Mwethya na Swali la Arobaini na Moja

Kampuni ninayofanyia kazi hukausha maembe. Tunayanunua kwa wakulima wa milima ya Mbumbuni, tunayamenya, tunayakata vipande, tunayaweka kwenye vikaushio, kisha yanapakiwa katika mifuko na kusafirishwa ng'ambo, ambako nasikia watu huyatafuna kama sisi tunavyotafuna njugu. Kazi yangu ni kuwaandikisha wakulima. Niliifanya kwa daftari miaka sita, na katika miaka hiyo sita sikumwonea mtu. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitakayoyasimulia yalitokea baada ya daftari kuondolewa, na mkono ulioyafanya ni wangu.

Asubuhi moja ya Agosti meneja wetu alituita kwenye kivuli cha ghala. Ni mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake anapoogopa, na siku hiyo aliifuta mpaka nikaionea huruma. Alisema mnunuzi wetu wa ng'ambo ameandika barua. Msimu ujao hatachukua hata mfuko mmoja wa embe ambalo halijulikani limetoka shamba gani, limepuliziwa dawa gani, kwenye udongo uliotunzwa vipi. Yote hayo yawe kwenye kompyuta, naye ayaone akiwa amekaa kwake. Ofisi ya mazingira nayo ilikuwa imedokeza kwamba kampuni yenye mfumo wa namna hiyo haitazungushwa ikienda kutafuta leseni. Tena kulikuwa na kiwanda kingine kule Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, ambacho tayari kilikuwa na mfumo wake na kilikuwa kimetundika bango getini, kubwa kiasi kwamba abiria wa mabasi walilisoma wakipita.

“Fuata nyuki ule asali,” meneja akasema. “Kambu wameweka. Sisi ni nani tusiweke?”

Fundi wa vikaushio akauliza, “Na hiyo kitu ya Kambu imewasaidia na nini?”

“Imewasaidia kupata bango,” meneja akajibu, na hakuwa anatania.

Hivyo ndivyo mfumo wa kutunza mazingira ulivyoingia kwetu. Mmoja aliogopa kupoteza soko, mwingine aliogopa kunyimwa leseni, na wote waliogopa kupitwa na Kambu. Katika mkutano mzima sikusikia mtu akitaja mvua, wala mto, wala mmomonyoko unaokula milima yetu tangu sijazaliwa. Nilikaa pale kwenye kreti langu nikangoja neno hilo, halikuja, tukaambiwa twende tukanywe chai.

Kijana wa mafunzo alitoka Nairobi akiwa na viatu vyeupe. Kwa siku mbili kila alichosema kilianza na “kampuni zinazojiheshimu.” Kampuni zinazojiheshimu hazitumii karatasi, kwa kuwa karatasi ni miti. Kampuni zinazojiheshimu huwapanga wakulima wao kwa rangi: kijani ni mkulima mwema, manjano ni wa kutazamwa, nyekundu asiguswe. Nilimuuliza kama kampuni zinazojiheshimu zina stima, maana yetu hupotea wingu likikohoa tu. Wiki hiyo hiyo tukanunuliwa jenereta ya dizeli. Iliwekwa nyuma ya ofisi, ikawa inanguruma na kutema moshi mweusi kutwa nzima ili kompyuta ya kutunza mazingira isizime. Na ofisi ya mazingira ilipotaka kuiona ripoti yetu ya kwanza, iliitaka iliyochapishwa, yenye sahihi na muhuri kila ukurasa. Tulichapisha mpaka wino ukaisha. Ukiuliza ile miti ya kijana wa viatu vyeupe ilikwenda wapi, ilikwenda ofisini, ndani ya bahasha.

Sikuwa adui wa kompyuta, na naomba nisieleweke vibaya. Nimemwona mtu kwa macho yangu akipulizia maembe dawa leo na kuyavuna kesho kutwa, na nilifurahi kwamba sasa mtu kama huyo atashikwa. Nilidhani pia kwamba mwishowe wale wanaotunza udongo wao watajulikana. Kuna watu nilitamani sana wajulikane.

Wa kwanza kati yao alikuwa mjane mmoja, mama wa umri wa miaka kama sabini, mwembamba, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Shamba lake limekaa kwenye mteremko mkali, mkali kiasi kwamba boga likikuponyoka utalifuata kwa jirani. Kwa haki, shamba hilo lingekuwa jiwe tupu. Lakini limekatwa matuta kutoka juu hadi chini, yale ya fanya juu: mtaro unachimbwa, udongo unatupwa upande wa juu na kuwa ukingo, maji ya mvua yanasimama badala ya kukimbia. Kwenye kila ngazi kuna maembe, na kati ya maembe kuna kunde na ndengu. Kila mwaka matuta hayo hutaka kuchimbwa upya kabla ya mvua za Novemba, la sivyo yanajaa na kupasuka, na udongo wote unateremka mtoni. Hakuna mtu mmoja anayeweza kazi hiyo, sembuse mama wa miaka sabini.

Alichokuwa nacho ni mwethya. Kwa asiyejua, mwethya ni watu wa kijiji wanaofanyiana kazi kwa zamu. Leo wako kwako, wiki ijayo wako kwangu, na hakuna anayelipwa ila kwa chakula cha siku hiyo na kwa kujua kwamba zamu yake itafika. Mjane huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao, wanawake ishirini na mmoja. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Ikutha, na maji niliyokunywa utotoni yalitoka kwenye bwawa la mchanga ambalo mwethya wa mama yangu ulilijenga kwa mawe na karai. Nisingeweza kusema sikujua mwethya ni nini. Ndiyo maana sijapata wa kumlaumu vizuri.

Nilimwendea Septemba, siku ya zamu yake, nikiwa na tableti mpya shingoni kwa kamba. Wanawake walikuwa kwenye mteremko wakichimba na kuimba, wengine kwa jembe, wengine kwa sururu, na muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, ulikuwa unachemka kwenye sufuria kubwa nyuma ya nyumba. Tukakaa kwenye ukingo wa tuta. Maswali yalikuwa sitini, yameandikwa kwa Kiingereza na mtu ambaye sijui kama amewahi kushika jembe, nami nikawa nayageuza kwa Kikamba moja baada ya jingine. Dawa? Hapulizii, anatumia majivu na mtego wa nzi. Kuni? Za kupogoa. Maji? Ya mvua. Nilikuwa nabonyeza na roho yangu inacheka.

Kisha tukafika swali la arobaini na moja. Je, katika shamba hili kuna watu wanaofanya kazi bila malipo?

Mama alisimama. Alinyoosha mkono juu ya mteremko wote kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

“Hawa wote!” akasema. “Na sijalipa hata mmoja. Andika!”

Wanawake walisikia, wakapiga vigelegele. Nikabonyeza ndiyo.

Swali lililofuata liliuliza kama kuna adhabu kwa anayekosa kuja kazini.

“Iko. Anatoa kuku. Ule alikosa wiki jana, kuku yake ndio hiyo unasikia ikinukia.”

Nikabonyeza ndiyo.

Na je, mfanyakazi anaweza kuacha kazi wakati wowote akitaka?

“Aache aende wapi? Asi! Na zamu yake ikifika, nani atamchimbia?”

Nikabonyeza hapana, huku nimeshika mbavu kwa kicheko.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuona. Nilisoma, nina cheti, Kiingereza changu si cha kuchekesha. Jibu ni aibu kulitamka: nilidhani swali linatafuta sifa. Kwetu, shamba ambalo watu hawaendi bila kulipwa ni la mtu mchoyo, au la mtu anayeogopwa. Kuwa na watu ishirini wanaotoa jasho kwako bure ni heshima ambayo huwezi kuinunua. Nilifikiri, hatimaye hawa wazungu wameuliza swali la maana. Katika majuma matatu yaliyofuata nikawaandikisha wanawake wote wa mwethya ule, na kila mmoja akajibu kwa majivuno yale yale, na kila mara nikabonyeza kwa majivuno yale yale.

Orodha ilirudi Desemba, maembe yakianza kugeuka rangi. Meneja aliniita ofisini, miwani mkononi. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na majina ya wakulima wetu wote, mengi ya kijani, machache ya manjano. Katikati kulikuwa na fungu la majina ishirini na moja mekundu. Alibonyeza jina la mjane. Yakatoka maelezo mafupi: dalili za kazi ya kulazimishwa.

“Hii ni nini umeniletea?” akauliza kwa sauti ya chini.

Nilisoma mara mbili. Watu hawalipwi. Wakikosa wanaadhibiwa. Hawawezi kuacha. Kila jibu lilikuwa la kweli, na yakiwekwa pamoja yakawa uongo ambao sijapata kuona mfano wake. Mama yule aliyekuwa akipika muthokoi sasa alikuwa mtu anayewafunga wenzake minyororo.

Nikatazama ni nani waliokuwa kijani. Huko chini kwenye tambarare kulikuwa na tajiri mmoja ambaye alikuwa amekata miti yote ya kienyeji, akaichoma makaa, ndipo akapanda maembe. Hana tuta hata moja. Mvua ikinyesha shamba lake hutoa maji mekundu kama chai ya maziwa, na korongo linalopita pembeni yake sasa lingemeza lori. Lakini vibarua wake wana mikataba, na mikataba ina sahihi. Swali la udongo liliuliza tu kama mkulima “ana mpango wa hifadhi ya udongo,” naye alikuwa na mpango, ameandikiwa na mtu, uko kwenye faili. Kijani kibichi. Niliipiga meza kofi mpaka kalamu zikaruka, na meneja hakunikemea.

“Nibadilishe tu jibu,” nikamwambia. “Naandika hapana, yaishe.”

“Haibadiliki,” akasema. “Ukishatuma umetuma. Ukigusa, inaandika nani amegusa na saa ngapi. Wakiona tumebadilisha, kampuni yote inakuwa red.”

Nikamwomba anipatie mtu wa kuongea naye. Nitampa haki yake: alihangaika. Baada ya siku kadhaa tuliunganishwa kwa video na mwanamke mmoja wa kule kwa mnunuzi, kijana, mwenye macho ya uchovu, na nyuma yake dirisha lenye theluji. Nilimweleza mwethya kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa Kiingereza changu chote. Nilimweleza kuhusu mteremko, zamu, kuku, nyimbo. Alinisikiliza. Hata alitabasamu, akasema ni jambo zuri sana na angependa siku moja kuja kuliona. Kisha akaniuliza kama lina mahali pa kujazwa kwenye fomu.

Nikamwambia yeye ndiye mwenye fomu.

Akasema hapana, fomu inatoka kwa watu wanaotoa cheti, na wao wanafuata sheria mpya za serikali zao, na sheria hizo zimetungwa kuwalinda watu maskini wasitumikishwe. “Natumaini unaelewa,” akasema. “Mimi pia nina watu juu yangu.” Meneja alikuwa amekaa kando yangu, nikamwona anatikisa kichwa kukubali, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyoniambia yeye mwenyewe juma lililopita. Na mimi nilikuwa nimeyasema kwa mjane nilipokwenda kumweleza kwa nini lori limepita mlangoni kwake bila kusimama. Wote tulikuwa na watu juu yetu, ukiondoa yeye, ambaye juu yake kulikuwa na mlima tu.

Nataka nieleweke hapa. Simlaumu mtu anayezuia utumwa. Kuna watu wanatumikishwa duniani na Mungu awaokoe. Ninachokasirikia ni kwamba kila aliyeusukuma mfumo ule alikuwa akijilinda mwenyewe dhidi ya aliye juu yake, na ulipofika mwisho wa msururu, kwa mtu aliyeutunza udongo maisha yake yote, hapakuwa na hata mmoja mwenye ruhusa ya kumtazama na kusema, huyu si mkosaji. Macho tulikuwa nayo. Ruhusa ndiyo iliyokosekana.

Kulikuwa na njia ya kutokea, waliiita mpango wa marekebisho. Kila mkulima mwekundu atie sahihi karatasi ya kuahidi kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayefanya kazi shambani kwake bila mkataba na malipo, na kwamba yeye mwenyewe hatafanya kazi kwa mwingine kwa namna hiyo. Akitia sahihi, rangi inabadilika. Akikiuka na ikajulikana, anatoka moja kwa moja, harudi tena. Meneja akasema heri nusu shari kuliko shari kamili.

Maembe hayakuwa na subira. Ya mjane yalikuwa tayari yanaanguka, na mabroka wa sokoni walishajua kwamba kampuni imemkataa, wakawa wanakuja na lori lao kumpa bei ya dharau kwa rundo zima. Kwa hiyo siku ya Jumamosi wanawake ishirini na mmoja wakaja ghalani, wengine wamevaa nguo zao za kanisani, kwa sababu waliambiwa kuna jambo la kutia sahihi. Mimi ndiye niliyewasomea. Nilisimama mbele yao nikageuza karatasi ile kwa Kikamba, sentensi kwa sentensi, sauti yangu ikiwa imekauka kama maembe yetu.

Mjane aliinua mkono.

“Na nikiona jirani tuta yake inapasuka, nikienda kumsaidia kuziba?”

“Hapo pia, Mwaitu,” nikamwambia. Hilo ndilo neno letu la kumwita mama.

“Na yeye akinisaidia?”

“Hapo pia.”

“Na matanga? Tukienda kuchimba kaburi?”

“Kaburi si shamba, Mwaitu.”

“Basi iko kitu moja imebaki,” akasema, na wanawake wakacheka, kicheko kifupi ambacho kilikatika chenyewe.

Mmoja wao, mwanamke mchangamfu mwenye duka dogo la sabuni, akatoa wazo. Walipane. Wachukue noti moja, mwenye shamba ampe wa kwanza, wa kwanza ampe wa pili, izunguke mpaka imrudie mwenyewe jioni, na wakiulizwa waseme wamelipwa. Nilifurahi, nikasema upesi kwamba huenda ikafaa. Mjane alikataa. Alisema wakianza kulipana, hata kwa mchezo, kuna siku mmoja atakosa hiyo noti na wenzake watakaa nyumbani. “Na tukilipana sisi ni vibarua,” akasema. “Mimi sijawahi kuwa kibarua ya mtu, na sijawahi kuandika mtu kibarua.”

Wakati huo huo hakuwa na namna. Alikuja mezani, nikamshikia kidau cha wino, akabonyeza kidole gumba chake kwenye karatasi kwa nguvu, kama anayebonyeza kitu kisiinuke. Wengine wakafuata. Jumatatu majina yote ishirini na moja yalikuwa ya kijani, na lori likasimama mlangoni kwake.

Msimu ule kampuni ilipata bango lake. Lilikuja kutoka Nairobi, kubwa kuliko la Kambu, meneja alilipima kwa hatua. Tulialikwa pia kwenye hoteli moja mjini tukapewa cheti cha kampuni inayojali mazingira, na kulikuwa na kitabu cha kumetameta chenye habari zetu. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya shamba la mjane, niliyoipiga mimi ile siku ya Septemba: matuta yamejipanga kama ngazi mpaka angani, maembe juu yake, mbingu safi. Niliitazama kwa muda mrefu kabla ya kugundua kilichokosekana. Wanawake walikuwa wameondolewa. Mtu alikuwa ameikata picha kwa uangalifu sana, maana kuwaonyesha kungekuwa kuonyesha kosa. Mkono wa mmoja tu ulikuwa umesahaulika pembeni, umeshika mpini. Mkuu mmoja alisimama akasifu matuta yale, akasema hivi ndivyo teknolojia inavyookoa udongo wetu, na watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Ninaandika haya ili angalau pawe na mahali palipoandikwa kwamba nilipiga.

Mwaka uliofuata Agosti ikaja, Septemba ikaja, na mwethya haukuita watu. Nilipopita nikielekea kwa wakulima wengine sikusikia wimbo wowote mlimani. Wenye watoto wa kiume nyumbani walijikokota wenyewe. Wenye fedha kidogo waliandika vibarua wawili watatu, pamoja na mikataba, ambayo niliwachapishia mimi. Wale wengine waliacha. Ilikuwa rahisi kupita kiasi, na hilo ndilo lililonitisha. Jambo ambalo bibi zetu walilishika kwa vizazi, ambalo ukame wa miaka na miaka haukuliua, liliuawa na karatasi moja ya Jumamosi, na hata harufu haikutoka.

Mvua ya Novemba ilianza kwa siku tatu mfululizo. Usiku wa tatu nilisikia mto kutoka kitandani kwangu. Asubuhi kioo cha kompyuta kilikuwa kama kilivyokuwa jana yake, mjane kijani, hifadhi ya udongo kijani. Nilikizima bila kuaga mtu, nikachukua jembe langu nyumbani na kuanza kuupanda mlima kwenda kwake.

Ngazi za juu zilikuwa zimepasuka sehemu mbili, na maji yalikuwa yamekata njia katikati ya shamba mpaka chini. Miembe minne ilikuwa imesimama kwa mizizi mitupu, unaweza kupitisha mkono chini yake. Udongo mweusi ule uliolishwa samadi na kushikwa kwa mikono miaka mingi ulikuwa umeondoka, na mahali pake palikuwa na kokoto. Mjane alikuwa ndani ya mtaro wa juu, matope mpaka magotini, peke yake, akichota kwa karai na kutupa juu. Alikuwa anachota kidogo kidogo, kiasi cha nguvu zake.

Nilishuka mtaroni nikainua jembe.

“Weka chini,” akasema.

“Mwaitu, wacha nikusaidie. Mvua inarudi jioni.”

“Uko na mkataba?”

Nilidhani ananitania. Nikacheka kidogo, nikaanza kuchimba. Akaja akaushika mpini wa jembe langu, juu kidogo ya mikono yangu.

“Mwiitu wakwa, binti yangu, niliweka kidole,” akasema. “Nilisema hakuna mtu atanifanyia kazi bure.”

Hapo hasira yangu yote ya mwaka mzima ikatoka. Nikamwambia hakuna mtu anayetuona. Nikamwambia wale watu wako mbali, hawajui hata huu mlima uko wapi, wala haijalishi kwao kama nachimba au sichimbi. Nikamwambia ile ni karatasi tu, Mwaitu, ni karatasi tu.

Alinitazama usoni, si kwa ukali. Alikuwa anataka kujua kweli.

“Lakini ni wewe ulinisomea,” akasema. “Ulisimama pale mbele yetu ukasoma. Kwani siku hiyo ulikuwa unatudanganya?”

Nikisema ndiyo, basi nilimvunjia mwethya wake kwa uongo. Nikisema hapana, basi hana budi kulitimiza neno lake. Alingoja kwa heshima, kama unavyomngoja mtu mwenye elimu afikiri, halafu akaachilia mpini, akainama, akachukua karai lake. Nilipanda nikatoka mtaroni na kusimama kwenye ukingo, jembe mkononi, yeye akaendelea kuchota.